Mluzi wa Mpasua Mbao

Haya aliniambia mdogo wangu mwenyewe, mwaka jana wakati wa mavuno, siku aliporudi kwetu na sanduku lake kichwani.

Mumewe alikuwa mpasua mbao. Jioni akitoka msituni alipiga mluzi wake: unapanda, unashuka, unakatika ghafla. Mke akiusikia, anateleka maji ya kuoga. Ikafika siku mume akaenda kutafuta kazi ng'ambo ya mto, asirudi wala kutuma salamu. Baada ya miezi kadhaa mluzi ukasikika tena ukingoni mwa msitu. Mdogo wangu akakimbilia huko, hakukuta mtu.

"Ni mwanangu," mama mkwe akasema. "Anaona haya kurudi mikono mitupu. Wewe teleka maji, atakuja."

Jioni kwa jioni, mwaka hadi mwaka, maji yakachemka, yakapoa.

Fundi cherehani wa jirani alikuwa akimtaka, na wazee walikuwa tayari kumfungulia njia ya kuolewa tena. Fundi akamwambia, "Dada, mwanamume anayepiga mluzi asifike nyumbani si mume, ni filimbi. Nikungoje mpaka lini?"

"Yupo. Namsikia."

Fundi akangoja, akachoka, akaoa kwingine.

Harusi ile haijapoa, mdogo wangu akaenda kuokota kuni. Juu ya tawi alitua kurumbiza, kifua rangi ya chungwa. Ndege yule hana dogo, kila sauti anaiiga. Akalia kama hondohondo, akalia kama njiwa, kisha akautoa mluzi wa mume, hadi ule mkato wa mwisho.

Mdogo wangu akarudi bila kuni. Mama mkwe alikuwa mlangoni anachambua maharage.

"Mama, ni ndege."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Sogea, unanizibia mwanga."

"Ukaniacha nitelekee ndege maji?"

"Ningekwambia ungeolewa. Kwa macho haya na miguu hii, nani angenipikia? Na sauti ya mwanangu ningeisikiliza na nani?"

Mdogo wangu aliyapika maharage, akamlisha, akamshika mkono hadi kitandani. Kisha akaanza kupanga nguo sandukuni.

"Mwanangu, kesho utaniamsha?"

Mdogo wangu akafunga kifuniko. Bibi yule akageukia ukutani, akalala. Mdogo wangu akakaa juu ya sanduku. Kwa fundi sasa kuna mwenyewe, na kwetu ni mbali. Usingizi ukamchukua hapo hapo, ameketi.