Dundu wa Marietha

"Shikamoo tena, mzee. Hiki kinakwaruza," alisema Gladness, karani wa posta, akikisukuma kiboksi kwa ncha ya kalamu.

"Dundu huyo," Romani akamjibu.

"Dundu gani anakwaruza kama panya buku?"

"Wa Bukoba. Mkubwa kama kipande cha sabuni ya kufulia. Kwa ndizi mbivu ananishinda mie."

Foleni ikarudi nyuma yenyewe. Mama mmoja akajivutia khanga kichwani. "Sie tumekuja kutuma vyeti, nyie mnatuma majini!"

"Mwache, mama," akasema mwendesha bodaboda mwenye kipara. "Jini la siku hizi linalipiwa stempu."

Watu wakacheka. Romani naye akajaribu, mdomo ukagoma. Tangu amzike mkewe, kila kitu kilimfikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Marietha ndiye aliyekuwa mfugaji. Pale uani Keko, kwenye ndoo za maranda yaliyooza, alilea mabuu manene kama vidole gumba vya wapagazi. Aliapa kuwa dundu wake mmoja aliwahi kuburuta stuli mpaka kwa jirani, kumdai chumvi. Mabuu aliletewa na mwalimu Projestus wa Bukoba, kutoka kwenye msitu uliokatwa, ambako watoto sasa wanawasikia dundu hao kwa babu zao tu. Marietha alimwahidi: atakayekomaa atarudi kwako mzima, wanafunzi wamwone.

Baada ya msiba Romani alisahau kunyunyizia maranda maji. Wakafa wote. Akabaki huyu mmoja, aliyechomoza wiki ya arobaini ya marehemu.

Gladness aliinamisha kichwa, akakitazama kiboksi upande huu, kisha upande ule.

"Babu, samahani. Mbona kina mabega?"

Romani akatazama. Mninga mtupu, viungo havipitishi hata uzi, vanishi inang'aa. Juu kipana, chini chembamba. Tangu alipochonga jeneza la mkewe hakuwa ameshika randa, na alipoishika tena kwa kiboksi hiki, mikono iliendelea palepale ilipoishia. Wala hakuona inachochonga. Wala haikuacha tundu hata moja.

Mle ndani kukwaruza kulikuwa kumekoma.

"Bisibisi," alisema Romani.

Mwenye kipara akakimbilia pikipiki yake, akarudi na bisibisi. Skrubu zikatoka moja moja. Kifuniko kilipoinuka, harufu ya vanishi iliwapiga puani. Dundu alilala chali, miguu kaikunja kifuani.

Foleni ikasogea karibu.

"Sasa mnamtazama tu? Mpepeeni!" Ni yule mama wa majini, keshavua khanga kichwani, anapepea kwa mikono miwili.

Romani akamweka kiganjani, kwenye sugu nene za randa na msasa. Akampulizia taratibu, kama Marietha alivyokuwa akiwapulizia dundu wake. Hakutikisika. Akampulizia tena.

Gladness alikuwa ameokota katoni tupu ya biskuti, anaitoboa kwa kalamu. "Hii ina hewa, mzee," alisema, bila kumtazama.

Mguu mmoja ukanyooka. Ukapapasa hewani, ukagusa kidole, ukakishika. Kisha wa pili. Kucha zikazama pale ambapo sugu huishia na nyama huanza. Tone la damu likatokeza.

"Mzee, mtoe! Atakuchuna huyo!" akasema mwenye kipara.

"Inauma," alisema Romani, polepole, kama mtu anayesoma kibao cha mtaa aliowahi kuishi.

Gladness akaisogeza katoni iliyo wazi karibu na mkono wa Romani. Mkono haukusogea.