Mchanga wa Kilo kwa Kilo

Mama yangu kule Mbinga anawaambia watu nimesomea chuo kikuu ili nichambue takataka, na jamani, hajakosea. Mie Demetria ni mjiolojia. Nachunguza marudio, yaani lile tope ambalo migodi ya zamani ilitupa baada ya kutoa dhahabu. Siku hizi dunia inalilia kobalti iliyobaki humo, ya betri za simu na magari, na wakubwa wakitamka "madini ya kimkakati" wanainua kidevu kabisa.

Viroba vyangu vya tope, nilivyovijaza mwenyewe kwenye mgodi uliofungwa huko bara, vilitakiwa kukaa stoo ya ofisi. Stoo inavuja. Bosi wangu, Dk. Brightson, akasema, "Vilaze kwako kidogo, Demetria." Kwangu ni chumba cha uani Kipawa, kwa Mzee Hashil, mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

Mzee Hashil akavizunguka vile viroba.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nini humo?"

"Tope."

Akacheka mpaka kofia ikakaa upande. "Mtu na akili zake asafirishe tope toka bara mpaka Dar?"

Nikamwapia kwamba hamna dhahabu. Kosa hilo. Kipawa ukikana watu wanashuku. Ukiapa, wanaanza kukuhesabia nyumba. "Mficha uchi hazai," akaniambia, akaenda zake msikitini.

Wiki hiyo nikasafiri kumzika shangazi. Niliporudi nilikuta viroba vimefungwa vizuri kuliko nilivyovifunga mie. Hilo tu lingenishtua, lakini nilikuwa na msiba kichwani, nikavipeleka maabara bila kuvifungua.

Majibu yalipokuja Dk. Brightson alipiga kelele kama kashinda bahati nasibu. Titaniamu! Zirkoni! Kobalti hamna hata ya dawa, lakini nani anajali? Akaita mgeni rasmi, waandishi, hoteli ya Mbezi Beach, fulana, keki. Ripoti ikachapwa na jina langu chini yake, ikabaki saini tu. Nami nilijua miamba ya mgodi ule haina mambo hayo. Nikachota kiganja cha mabaki kwenye kiroba; kumbe ni mchanga, nikauweka chini ya lenzi. Nikaona kipande cha ganda la chaza. Chaza! Mgodini, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka baharini!

Kazi hii haina mtaji mwingine ila jina. Mjiolojia akishasaini uongo, hata akisema jiwe ni jiwe watu wanaomba ushahidi.

"Mzee, umenifanya nini?" nilimvamia dukani.

Hakubisha. Alikuwa ameliosha tope langu lote kwenye beseni la mkewe, Bi Nunu, akitafuta dhahabu, na tope likaenda na maji mtaroni. "Lakini mie si mwizi, wallahi," akasema, kakasirika kweli. "Nilikupimia kwenye mzani huu huu. Kilo kwa kilo! Tena nimekupa mchanga msafi wa Mbezi Beach, si yale matope yako."

Nilitaka nimrushie ndoo ya rangi. Yeye alikuwa anasubiri nimshukuru.

Nikakimbilia kwa bosi na lile ganda mkononi. Hakulitazama mara mbili.

"Demetria, zamani bahari ilikuwaga kila mahali."

"Daktari, mchanga ni wa ufukweni, na hiyo titaniamu ni ya huko huko. Mwenye nyumba kakiri."

"Mgeni rasmi keshathibitisha kuja. Keki ishaagizwa. Unataka nimwambie nini, habari za mwenye duka? Utasaini mbele ya waandishi, basi."

Siku ikafika. Hema limefungwa ufukweni pale hotelini, viatu vya mgeni rasmi vimejaa mchanga. Dk. Brightson akainua chupa ya sampuli, watu wakapiga makofi, nikaitwa kusaini. Niliogopa, sikatai. Nikainama, nikachota mchanga miguuni pa mgeni rasmi, nikaumwaga juu ya ripoti. Pembeni yake nikaumwaga ule wa chupa.

"Mheshimiwa, nionyeshe upi ni wa mgodini."

Akavaa miwani. Akavua.

"Wote ni wa hapa hapa," nikasema. "Mgodi wetu hauna titaniamu, na tope lake hatunalo tena. Sisaini."

Mpiga picha akashusha kamera. Dk. Brightson akakohoa, akachukua kipaza sauti. "Ndugu wageni, hiki ndicho tulichotaka mkione kwa macho yenu: utajiri tunaoukanyaga!" Loh! Makofi yakazidi ya mwanzo, keki ikakatwa, na mie sikupewa hata kipande.

Mkataba wangu haukuongezwa. Dk. Brightson sasa ni mwenyekiti wa kamati ya mchanga wa Mbezi Beach. Mie niko dukani Kipawa, napima misumari. Mzee Hashil aliniita mwenyewe: "Mtu anayekataa uongo mbele ya keki, huyo ndiye namtaka kwenye mzani wangu." Nilimtukana kimoyomoyo, nikakubali, maana njaa haina jeuri.

Juzi dereva wa ofisi kaja kununua viroba vitupu vya sampuli.

"Stoo bado inavuja," akaniambia. "Daktari kasema vikijaa vitalala kwangu Buguruni."

Mzee Hashil akaweka kikombe cha kahawa chini, akamsogelea, akaanza kumwuliza taratibu anakaa mtaa gani.