Dakika Moja ya Kumkumbuka Nyanchama

Benard aliposhinda uchaguzi mdogo wa Wadi ya Riosumo, mkewe Nyanchama alinunua sambusa za moto na chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, vikombe vitatu, akavibeba kwa uangalifu mpaka kwenye gari la Mwaura lililoegeshwa chini ya jengo lao pale Najma, jijini Doha. Ilikuwa Ijumaa, jua limekaza, watu wametoka msikitini, na barabara imejaa kanzu na viatu vya plastiki. Ndani ya gari kulikuwa na baridi ya kiyoyozi, na simu ya Mwaura ilikuwa imebanwa juu ya dashibodi, tayari.

"Karibu, Mama Wadi!" Mwaura akamfungulia mlango wa mbele. Alikuwa dereva, mtu wa Nyandarua, mwenye kelele kuliko honi yake. "Jana ulilala mfua mashuka, leo umeamka mheshimiwa. Hiyo ndiyo siasa ya kwetu."

"Mimi sifui mashuka, ninayatandika. Anayefua ni Sharifa."

"Tena nayafua yakang'aa," akadakia Sharifa kutoka kiti cha nyuma. Sharifa alikuwa mwenyeji wa Unguja, mfanyakazi mwenzake wa hoteli na mwenzake wa chumba, kitanda chake kimetenganishwa na cha Nyanchama kwa pazia la maua. "Haya shoga, lete hizo sambusa. Na usinidondoshee mafuta kwenye buibui langu, nataka kumwona huyo shemeji akikutaja mbele za watu."

Nyanchama akacheka. Hilo ndilo alilokuwa akilingoja. Tangu alfajiri, ujumbe wa Benard ulipoingia na neno moja tu, "Tumeshinda", alikuwa akilisikia jina lake likitamkwa kwenye kipaza sauti, likipita juu ya migomba ya nyumbani.

Alistahili kutajwa. Alikuwa naye tangu mara ya kwanza, Benard alipogombea uwakilishi wadi akashindwa hata katika kituo cha shule aliyosomea. Mara ya pili alishinda, akakaa muhula mmoja katika bunge la kaunti, na Nyanchama akawa mama wa mlango usiofungwa: huyu anataka basari ya shule, huyu kalvati ya barabara, huyu jeneza. Hoja moja ndiyo iliyompa Benard jina, ile ya kutaka mawakala wanaopeleka wasichana Ghuba wachunguzwe. Ikapita kwa makofi, ikalala kabatini. Uchaguzi uliofuata mwalimu mmoja mstaafu, Augustine, akamwangusha vibaya, na koti la uheshimiwa likabaki linaning'inia nyuma ya mlango. Nyumba ilipokauka, Nyanchama alikwenda kwa mmoja wa mawakala wale wale, akapanda ndege.

Kisha Augustine akafariki kabla ya muhula kwisha, na mjane wake, Phyllis, akakitaka kiti.

"Huyo mama hashindiki," Nyanchama alimwambia mumewe wakati ule. "Ana kura za machozi."

"Niachie mimi," Benard alijibu. Akamwomba mambo mawili. La kwanza, ajitoe Facebook, maana wapinzani walikuwa wakivumisha kwamba mkewe ameolewa na Mwarabu. La pili, atume picha nzuri, ya uso tu, ambayo ndani yake hacheki, kwa ajili ya bango la familia. Sharifa ndiye aliyempiga picha hiyo, kwenye ukuta mweupe wa ngazi, akimkemea kila alipotabasamu.

"Wameanza!" Mwaura akaongeza sauti.

Kwenye kioo cha simu, katika matangazo ya moja kwa moja, palikuwa nyumbani. Nyanchama aliutambua ua wake, bati lake la bluu, na mparachichi wa pembeni. Hema jeupe lilikuwa limesimamishwa, watu wamejaa hadi kwenye shamba la jirani. Benard alisimama mbele na suti nyeusi. Amenenepa, Nyanchama akawaza kwa upendo.

"Ndugu zangu wa Riosumo," Benard akasema, "watu wanauliza, Benard ameshindaje? Mimi nasema sikushinda mimi. Kura hizi ni za mke wangu, Nyanchama."

"Aaah!" Mwaura akapiga usukani. Sharifa akapiga kigelegele mpaka mlinzi wa jengo akageuka kutazama.

"Ni za marehemu mke wangu," Benard akaendelea, akatoa leso, "aliyefia ugenini, Qatar, akitafuta riziki kama mabinti zenu wengi. Nyinyi mlikuja kunililia hapa. Mlinipa bega. Na jana mkanipa kura."

Kigelegele cha Sharifa kilikatika katikati.

Kamera ikageuka polepole kumfuata mkono wa Benard ulioelekeza upande wa mparachichi. Palikuwa na tuta la udongo mwekundu, lenye urefu wa mtu, limewekewa maua ya nailoni. Juu yake msalaba, na kwenye msalaba jina. Kando ya tuta alisimama mtoto wa kike mwenye gauni jeusi, nywele zimenyolewa kama za mfiwa, amekumbatia picha kubwa iliyotiwa fremu. Picha ile ya ukuta mweupe. Mwenye picha hakuwa akicheka.

"Moraa," Nyanchama akasema. Sambusa ilikuwa bado mkononi mwake, mafuta yakimchuruzika hadi kwenye kifundo. "Yule ni Moraa wangu. Mwaura, kwa nini wamemnyoa?"

Mwaura akasogeza uso karibu na kioo.

"Baba yake aliniambia yuko bwenini," Nyanchama akasema. "Aliniambia shule hawaruhusu simu."

"Nami ndiye niliyekupiga hiyo picha," Sharifa akanong'ona. "Subhanallah. Nilikuwa nakwambia, usicheke, usicheke."

Nyanchama akatoa simu yake, akampigia mumewe kwa mtandao wa imo. Ikaita, ikakatwa. Kwenye kioo cha dashibodi Benard alikuwa bado anazungumza juu ya barabara ya kwenda zahanati, na muda ukapita ndipo wakamwona akiangalia mfukoni na kubonyeza kitu.

"Live inachelewa," Mwaura akaeleza kwa sauti ndogo. "Tunachoona hapa kimeshapita."

Akapiga tena. Na tena. Mwishowe simu ikapokewa, na nyuma ya sauti ya Benard kukasikika kwaya ikianza kuimba.

"Mama Moraa, si nilikwambia leo nina wageni?"

"Baba Moraa, nimekufa lini?"

Akasikia hatua za haraka, mlango ukifungwa, na kwaya ikiwa mbali. Alikuwa ameingia jikoni kwake. Nyanchama aliujua mlango huo kwa mlio wake.

"Nani amekuonyesha?"

"Nakuuliza nimekufa lini!"

"Sikiliza. Usipige kelele. Ni siasa tu, mama. Yule Phyllis kila mkutano alikuwa analia, anataja kaburi la mumewe, watu wanamwaga machozi. Mjane ana kaburi. Mimi nilikuwa na nini? Nina mke aliye Uarabuni! Wananizomea sokoni, wananiuliza nani anamtandikia Mwarabu kitanda. Nikaona heshima yako inapotea. Marehemu hasemwi vibaya."

"Kwa hiyo ukanizika."

"Si wewe tuliyemzika! Mimi nilitaka tangazo tu, kwamba ulizikwa huko huko. Mama yangu ndiye aliyekataa. Akasema mtu hawezi kuachwa hewani, lazima udongo ule kitu. Unajua desturi, mwili usipopatikana. Tukazika gogo la mgomba. Ni mgomba tu pale, Mama Moraa. Mgomba."

Nyanchama akatazama tuta lile kwenye kioo. Wamelikata kwenye shamba gani, gogo hilo? Migomba ya nyuma ya choo aliipanda yeye mwenyewe. Je, walilivisha nguo zake? Walichagua gauni gani?

"Na mtoto? Ulimwambia nini mtoto?"

"Mtoto akijua ukweli angesema shuleni. Nipe muda kidogo. Niapishwe, muda wa kupinga matokeo mahakamani upite, kisha nitakurudisha. Nitasema hospitali ya huko ilichanganya majina. Watu watafurahi! Tutafanya sherehe kubwa kuliko hii. Lakini ukijitokeza leo, kiti kimekwenda, nami nitafungwa. Utamfanya Moraa awe mtoto wa mfungwa?"

"Mpe simu niongee naye."

"Haiwezekani."

"Benard, mpe mwanangu simu."

"Wananiita. Tulia. Ulikuwa umekufa miezi hii yote na hukuhisi kitu, majuma machache zaidi yatakudhuru nini?"

Akakata. Nyanchama alipopiga tena, simu haikuita. Alikuwa ameifungia namba yake isiingie.

Sharifa alikuwa ameyasikia yote. Alifungua mlango wa nyuma, akatema mate kwenye lami, akaufunga tena. "Mie nimeona waume wa kila namna," akasema. "Wa kuoa kwa siri nimewaona. Wa kuzika mke hai, wallahi, huyu wa kwanza."

"Tumrekodi," Mwaura akasema. "Simama hapa nje, tukurekodi, tutupe kwa magrupu yote ya Wakenya wa Doha. Hata jioni haitafika kabla hajaanguka."

"Nikifanya hivyo Moraa ataniona kwenye simu ya mtu," Nyanchama akasema. "Ataambiwa ni video ya zamani. Kiti sikijali, Mwaura. Nataka mtoto wangu ajue leo kwamba ana mama. Asilale tena bila kujua."

Akafikiri. Mama mkwe wake alikuwa na simu ya vibonye aliyoifunga kwenye pindo la leso, na alipokea kila simu kana kwamba kutopokea ni kosa la adabu. Lakini kwa miezi mingi Nyanchama alipopiga haikuingia, na Benard alisema imeharibika. Iliharibika, au ilifungiwa namba moja tu?

"Sharifa, nipe simu yako."

Sharifa hakuuliza. Nyanchama akabonyeza namba aliyoikariri. Kwenye kioo Benard alikuwa amerudi mbele ya watu na kuinua mkono. "Kabla ya kula, tusimame wote. Dakika moja ya kumkumbuka Nyanchama." Watu wakainuka. Kofia zikavuliwa. Kwaya ikanyamaza.

Sikioni mwa Nyanchama simu ikaanza kuita.

Ikaita katikati ya kimya kile. Baadaye wakaja kuisikia kwenye kioo, mlio wa kengele za kanisa, ukitoka kifuani mwa bibi kizee aliyekaa kando ya kaburi. Lakini sikioni mwake ilikuwa imeshapokewa.

"Halo?" Sauti ya mama mkwe ilikuwa ya kunong'ona. "Piga baadaye, tuko matangani."

"Mama, ni mimi. Nyanchama."

Pumzi. Kisha mlio wa kitu kuanguka kwenye udongo, na kilio chembamba kama cha kuku aliyeshikwa. Nyanchama akabana simu kwenye sikio hadi likauma. "Mama! Mama, usiogope!" Upepo ukavuma. Kisha mtu akaiokota.

"Halo? Nyanya hawezi kuongea. Nani?"

"Moraa. Ni mama."

"Mama yangu amekufa," sauti ile ikasema, taratibu, kama mtoto anayejibu swali la darasani alilolijibu mara nyingi.

"Sijafa. Niko Doha. Walikudanganya, mwanangu."

Alisikia mtoto akipumua kwa pua, akifikiri. Moraa alikuwa mtoto wa kufikiri tangu zamani. Kisha akauliza, kwa hila, "Kama ni wewe, ng'ombe aliyekula sweta yangu ya shule alikuwa wa rangi gani?"

Nyanchama akacheka huku akilia. "Hakuwa ng'ombe. Alikuwa mbuzi, mbuzi wa akina Owen. Na tukamwambia baba yako umeipoteza mtoni, ili Owen asichapwe."

Nyuma ya gari Sharifa alikuwa amejifunika uso kwa mtandio. Kisha hata yeye akasikia, maana sauti ilitoka kwenye simu kama imefungwa kipaza sauti:

"Nyanya! Nyanya, ni mama! Mama hajafa!"

Na baada yake, kelele. Kwanza mtu mmoja, kisha kumi, kisha ua mzima, viti vikianguka, mtu akiita jina la Yesu, na sauti ya Benard kwa mbali ikisema, "Leta hiyo simu, leta!" na ya Moraa karibu sana ikisema, "Siachi. Mama, usikate. Usikate."

"Sikati," Nyanchama akasema. "Niko hapa."

Lakini juu ya dashibodi hakuna kilichokuwa kimetokea. Picha ilikuwa bado nyuma. Watu wa Riosumo walikuwa wamesimama, vichwa vimeinama, kengele za kanisa ndiyo kwanza zinaanza kulia kifuani mwa bibi. Moraa alikuwa bado yatima, ameikumbatia fremu. Na Benard alikuwa amefumba macho, viganja vimekutana mbele ya koti, mtulivu, mheshimiwa kamili.

Mwaura akanyoosha kidole ili azime.

"Acha," Nyanchama akasema, simu ikiwa sikioni. "Nataka kuwaona wakifika."