Siti ya Pembeni Yake

Ofisini kwao alikuwa anaitwa Kapteni, ingawa hajawahi kurusha hata tiara. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi za ndege, meza ya tatu kutoka mlangoni, chini ya kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Wateja walikuwa wanaziacha meza mbili za mwanzo zikiwa tupu, wanajibana kwenye benchi kumsubiri yeye. Wenzake walimcheka kwa hilo, kisha wakitaka kusafiri wao wenyewe wanamwendea kimyakimya.

Wakata tiketi wengine wanakuuliza unasafiri lini. Kapteni alikuwa anakuuliza unasafiri na ndege gani. Alizijua ndege kwa tabia, kama mtu anavyowajua mashemeji zake: ipi ina maneno mengi, ipi inabana, ipi imezeeka lakini bado inajipodoa. Kipenzi chake, na kipenzi cha wateja wake wote, ilikuwa ile pana yenye njia mbili na madirisha makubwa. Hewa yake haikukaushi koo, alikuwa anasema, injini zake zinanong'ona, na ukishuka miguu bado inaingia kwenye viatu. Mtu angekuja anataka kusafiri Jumanne, akatoka na tiketi ya Jumamosi, na bado akashukuru.

Asubuhi moja mkewe aliingia pale ofisini. Akachukua namba kwenye kimashine cha mlangoni kama mteja yeyote, akakaa kwenye benchi kati ya bibi mmoja na kijana mwenye begi mgongoni. Kapteni alimwona. Alidhani amesahau ufunguo wa nyumba, akaendelea kumhudumia mzee aliyekuwa mbele yake, maana mzee alikuwa na goti bovu na suala la goti halitaki haraka.

Kapteni na mkewe walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, na mwaka juzi alifariki. Ilianza kama homa ya kawaida, ikaisha vile ilivyoisha. Kabla ya hapo mume na mke walikuwa wanaitana kwa jina la huyo mtoto, Baba nani, Mama nani, kama watu wote. Baada ya maziko lile jina likawa halipiti kooni, na hawakutafuta lingine. Walibaki na "wewe" na "samahani". Mke akianza habari za mtoto, hata ya kuchekesha, mume anainuka kwenda kuangalia kama bomba la bafuni limefungwa. Bomba lile lilikuwa zima tangu walipohamia.

Watu walimsifu msibani kwamba amejikaza kisabuni. Walikuwa wanampa sifa isiyo yake, kwa sababu mtu hujikaza anapokuwa na kitu cha kuzuia. Yeye ndani alikuwa amekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, isipokuwa mguu ukiusimamisha unachomachoma kisha unapona. Siku ile ile ya msiba alikuwa ameshika simu akiwapangia ndugu safari. Shemeji yake hapendi kukaa katikati, akamtoa katikati. Akampa mama mkwe safu ya mbele kabisa apate pa kunyooshea miguu. Alimpigia yule mama, aliyekuwa analia mpaka maneno hayatoki, akamuuliza angependa dirishani au njiani. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba, akasikia.

Namba yake ilipoitwa, mke akaja akakaa mbele ya meza, mkoba mapajani.

"Karibu, mama," alisema Kapteni. Lilimtoka kwa mazoea, kama anavyowaambia wote.

"Ahsante. Nataka kwenda kwa dada."

"Lini?"

"Kesho."

"Na kurudi?"

"Nataka ya kwenda tu."

Mwanamume mwingine angeweka kalamu chini. Angesimama, angemshika mkono, angegombana naye hata mbele za watu, wakamsema mpaka wachoke. Kapteni akaandika "kwenda tu" kwenye kompyuta.

"Ya kesho ni ile nyembamba," alisema. "Siti zake zimechoka, sponji imekwisha. Utakaa umekunja magoti njia nzima. Jumamosi inakuja ile pana."

Mkewe akaegemea meza. "Kwa hiyo unataka nisubiri mpaka Jumamosi."

"Ni bora."

"Kwa nini ni bora?"

Aliuliza taratibu, macho yake yakiwa usoni kwa mumewe. Hata dada wa meza ya pili aliacha kubana karatasi zake. Kapteni hakuwa mjinga, alijua anaulizwa nini. Alijitafuta ndani, kama mtu anayejipapasa mifuko mlangoni kwake, huku na huku, na huku tena. Hofu ikampanda kwamba labda hakuna kitu humo na hakitakuwepo tena.

"Hewa yake ina unyevunyevu," alisema mwisho. "Macho hayatakuwasha."

"Macho yangu," alisema mkewe.

"Na haina kelele."

"Mimi kelele hazijawahi kunisumbua."

Alirudi nyuma kwenye kiti, akatazama ile ndoo ya maji ya kiyoyozi. Kisha akasema, "Haya. Nipe hiyo ya Jumamosi."

Kapteni akachapa kazi. Alimtafutia siti kwa makini kuliko alivyowahi kumtafutia mtu: dirishani, mbali na choo, mbali na jiko la wahudumu lile la kugongagonga vyombo, mahali ambapo bawa halizibi mandhari. Halafu akafanya jambo ambalo bosi wake mwenyewe hajawahi kufanyiwa. Akaifunga siti ya pembeni, asiuziwe mtu. Mwenye meza ana uwezo huo, lakini umewekwa kwa ajili ya wakubwa. Akageuza skrini mkewe aone, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akajihisi amefanya la maana.

"Na hapa pembeni atakaa nani?" mkewe aliuliza.

"Hakuna mtu. Nimeifunga. Utajinyoosha unavyotaka."

"Hiyo nimeshaizoea," alisema mkewe.

Hakusema kwa hasira, na hasira ingekuwa nafuu. Mashine ikatoa tiketi, akaikunja, akaitia kwenye mkoba. Bado hakuondoka. Alisimama kidogo, kama mtu anayemsubiri mwenzake avae viatu. Kapteni akapanga kalamu zake. Kisha mlango ukafunguka na kufungwa, na joto la nje likaingia kidogo.

"Kaka," dada wa meza ya pili aliita kwa sauti ya chini, "yule si shemeji?"

"Ndiye."

"Anarudi lini?"

"Hakusema."

Dada yule akarudi kwenye karatasi zake.

Kapteni akaitazama ile siti kwenye skrini. Ilikuwa nyeupe, peke yake kati ya siti zilizojaa rangi. Likizo yake ilikuwa haijaguswa mwaka mzima, na bosi alikuwa anamsukuma aichukue. Kilichobaki ni jina, na majina ya watu ameyaandika mpaka vidole vinayajua. Akaandika herufi ya kwanza ya jina lake mwenyewe, akaiangalia. Aliwaza saa zote zile angani, bega kwa bega, hakuna bafu la kukimbilia. Mkewe ataanza habari za mtoto, naye atatazama mgongo wa siti ya mbele. Aliogopa. Akaifuta ile herufi.

Namba iliyofuata ilikuwa ya mama mmoja muuza nguo, mteja wa siku nyingi, anayeanza kuongea akiwa bado mlangoni.

"Kapteni wangu, Jumamosi, na ile pana yetu. Usinipeleke karibu na choo kama mwezi uliopita, nilinuka dawa mpaka nafika."

"Upande mzuri umejaa, mama."

Mama akainama juu ya meza mpaka akaiona skrini. "Na hiyo nyeupe je?"

"Imefungwa."

"Imefungwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi si uifungue, baba, kwani umepoteza ufunguo?" Akacheka mwenyewe, na benchi zima likacheka naye.

Kapteni akatazama mlangoni. Kupitia kioo aliona mkewe ameshavuka barabara, amesimama kivulini anafunga vizuri mkoba wake. Aliusubiri mkono wake ukatae. Mkono ukaifungua siti, ukaandika jina la yule mama herufi baada ya herufi, ukabonyeza, na ile siti ikashika rangi kama zingine.

Tiketi ilipotoka, akamnyooshea. Mama akaishika, akavuta. Kapteni hakuiachia.

"Vipi tena, Kapteni?"

"Dirishani utamkuta mama mmoja," alisema. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kazini, ya kueleza magoti na mablanketi. "Atageukia nje, atafumba macho. Usidhani amelala, anajifanya. Mzungumzishe."

"Kwa soga hujakosea mtu. Nimzungumzishe nini?"

"Muulize habari za binti yake. Alikuwaje, alikuwa anapenda nini. Muulize yote, na akisema usimkatize."

Mama muuza nguo akamtazama, kicheko kikamtoka usoni pole pole. "Kwani ana binti?"

Kapteni akaiachia tiketi.

"Tulikuwa naye," alisema.