Jiwe la Anastasia

Kazi yangu ni kuchonga misalaba ya makaburi hapa Mungaa. Wa binti yangu ulinishinda. Kila nikishika tindo, mkono unakataa.

Anastasia alifia uzazini mwezi wa tatu. Mtoto alipona. Yuko mgongoni kwa mke wangu, Editha.

Eliya, mume wa marehemu, ni mwalimu wa historia. Alinijia na picha kwenye simu: mwanamke wa jiwe amepiga magoti, uso wa fuvu, meno nje, mikono ina kucha za mnyama.

"Waazteki wa Meksiko waliwachonga hivi wanawake waliofia uzazini, baba. Waliwahesabu miungu, sawa na askari waliofia vitani. Kila siku wanalisindikiza jua kutoka saa sita mpaka linapozama."

Nililipenda hilo. Padri alisema ni mapenzi ya Mungu, muuguzi akasema ni damu. Hakuna aliyesema binti yangu alipigana, na mimi nilikuwa nje ya dirisha, nilimsikia.

Nikachonga jiwe kama hilo wiki tano. Siku ya kulisimika tukalikokota mpaka kaburini, nyuma ya nyumba. Editha akaja, akalitazama.

"Baba Anastasia, umemchonga fisi?"

"Ni mungu wa kike. Muulize mkweo."

Eliya alisimama mbali na mama mkwe wake, macho chini, kama inavyotakiwa.

"Hao wanawake," Editha akamuuliza, "jua likishazama wanafanya nini?"

Mwingine angedanganya. Eliya hajui kudanganya.

"Siku fulani wanashuka njia panda, mama. Wanadhuru watoto. Siku hizo watu waliwafungia watoto ndani."

Editha akakaza kanga aliyombebea mtoto. "Basi halikai hapa. Huyu atakuja kumsalimia mama yake. Atamkuta nani?"

Nilitaka kukataa. Nikachukua nyundo. Nikavunja kucha, kisha meno, moja moja. Jiwe la kwetu ni gumu, nilimaliza alasiri. Mdomo ulikuwa umeingia ndani, mashavu yamebonyea. Kizee kibogoyo.

"Sasa huyu ni nani?" Eliya akauliza.

Editha akaweka kiganja kwenye paji la jiwe.

"Ni yeye, kama angezeeka."

Akakaa chini na mtoto, akalia kilio ambacho msibani hakukitoa. Mimi na Eliya tukaanza kuchimba shimo la kulisimika. Ardhi ilikuwa kavu, jembe likawa linaruka.