Leta ya Zamani

Kwenye mteremko wa darajani, Oketch alishusha mguu wa kulia akauburuta kwenye murram ya barabara. Mkono ulikuwa umebana breki mpaka vidole vikauma, lakini pikipiki ya kampuni ya chai ilizidi kushuka, diski ya mbele ikikwaruza chuma kwa chuma. Nyuma yake nesi Chepkirui alikuwa amemkamata kiuno kwa mikono miwili. Soli ya buti ilianza kunuka. Walisimama gurudumu likiwa tayari juu ya mbao za daraja.

"Oketch, utaniua, na kuna mama anazaa huko kambi ya juu."

"Si mimi, sista. Ni hii diski. Imeisha kabisa."

Alikuwa akisema hivyo tangu mvua ianze. Jibu la stoo lilikuwa lile lile: leta ya zamani, upewe mpya. Lakini ukiitoa ya zamani, pikipiki imelala, na mwendeshaji wa pikipiki iliyolala hahesabiwi kazini. Aliyetunga sheria hiyo lazima alikuwa ameshiba.

Na diski mpya ilikuwepo. Oketch mwenyewe ndiye aliyeitoa Kericho juma lililopita, akaibeba mgongoni ndani ya karatasi yake ya mafuta, na furaha ya kijinga kifuani, akamkabidhi Kebaso, karani wa stoo.

Jumamosi akakubali kupoteza siku. Aliifungua diski ya zamani, akaipeleka.

"Rudi jioni," Kebaso alimwambia.

Jioni Kebaso alimsukumia diski inayong'aa. Oketch aliigeuza. Ukingoni palikuwa na pengo dogo, alama ya jiwe lililoigonga mwaka jana. Ilikuwa ile ile yake. Walikuwa wameipitisha kwenye mashine ya karakana, wakaichonga mpaka ikawa nyembamba kuliko alivyoileta.

"Bwana Kebaso, hii ni yangu."

"Ni mpya. Si unaona vile inang'aa?"

"Na ile nilitoa Kericho iko wapi?"

Kebaso alijifanya kupanga mafyuzi. Nje, kwenye nyasi za meneja, kijana wa meneja aliyekuja likizo alikuwa akizunguka na pikipiki yake, ya aina ile ile. Aliongeza mwendo, akafinya breki, ikasimama papo hapo. Akacheka, akarudia.

"Sikia," Kebaso alisema kwa sauti ya chini, karibu ya kirafiki. "Bibi yako Monicah na watoto wanalala kwa nyumba ya kampuni, ama? Yule aliendesha hiyo pikipiki kabla yako pia alikuwa anapenda kuuliza. Ako wapi saa hii?"

Oketch alikasirika mpaka macho yakamwasha. Kisha hasira yenyewe ikachoka. Akaichukua diski.

"Na hiyo buti," Kebaso aliongeza, akichungulia juu ya meza. "Mali ya kampuni unaharibu hivyo? Ingine ni mwakani."

Nyumbani Monicah alishikilia kipande cha tairi kuukuu, mumewe akakipigilia misumari chini ya buti la kulia.

Jumatatu nesi Chepkirui alikuwa akingoja mlangoni pa zahanati na mkoba wake. Akaitazama diski, uso ukamchangamka.

"Afadhali, wamekupea mpya! Leo sitakufinya kiuno."

Oketch aliwasha pikipiki.

"Panda, sista," alisema, akikanyaga chini mara mbili kujaribu misumari.