Sindano ya Kabureta

Mume wangu Hamidi anashuku hata kivuli chake. Mwaka haujaisha tangu anioe, lakini nimeshazoea. Nikichelewa sokoni anauliza nilisimama na nani, chumvi ikizidi anauliza nani alipita jikoni. Mtu mmoja tu alikuwa hamshuku, Zenon, mwenzake wa karakana pale Milanzi. Zenon akiwepo nyumba yetu ilikuwa na amani, nami nilimpenda kwa hilo.

Wana gari la rimoti lenye injini ya kweli, ndogo kama yai la kanga, inayokunywa mafuta ya nitro. Kwenye kabureta kuna sindano. Ukiikaza kwa bisibisi mafuta yanapungua, ukiilegeza yanaongezeka. Yakizidi, gari linakohoa. Yakipungua mno, linakimbia ajabu, kisha injini inaungua, na Sumbawanga nzima hupati nyingine. Wote wawili waliirekebisha sindano hiyo kwenye baridi yetu ya huku juu, mpaka moshi ukawa mwembamba na mlio ukanyooka.

Halafu Meshack, fundi wa injini za boti kule Kabwe ziwani, akawaita washindane na gari lake. Meshack ni binamu yake Zenon. Basi shetani akaingia. Asubuhi ya safari Hamidi alichukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, akadondosha tone pale sindano inapokutana na kabureta. Atakayeigeuza, rangi itapasuka.

"Unamtega Zenon?" nikamuuliza.

"Namtega yeyote."

Tulishuka Kabwe na lori la kwao Hamidi, sisi mbele, Zenon nyuma na gari. Ziwani joto lilitupiga usoni. Zenon akaruka chini, akasalimiana na Meshack kwa Kifipa, wakacheka sana. Hamidi hajui Kifipa, amekulia dukani mjini; mimi nimekulia nacho. Akauma meno.

"Wanataniana tu," nikamwambia.

Hakunisikia. Alipiga magoti kuangalia sindano, na rangi ilikuwa imepasuka.

"Zenon! Nani kagusa hapa?"

"Mimi, mshikaji. Nimeilegeza kidogo tulipofika. Pikipiki ya mjomba ikishuka huku hewa inakuwa nzito, inataka mafuta zaidi. Nilikuwa nakuja kukwambia."

"Binamu yako ndiye kakutuma?"

Zenon alicheka, akidhani ni utani.

Hamidi akashika bisibisi, akaikaza sindano mpaka rangi ikakutana na rangi.

"Itaungua, Hamidi."

"Kaa mbali na gari langu."

Langu! Walilifufua pamoja, boliti kwa boliti. Nilitamani kumzaba kibao mbele za watu.

Raundi ya kwanza gari halikutoa moshi hata kidogo. Lililia kuliko siku zote, likamwacha Meshack mbali, na Hamidi akanigeukia: "Umeona sasa?" Raundi ya pili mlio ukapanda, ukapanda tena, ukakatika. Pistoni ilikuwa imegoma kabisa. Alipoigusa injini aliungua vidole.

Zenon alikuja, akaitazama, akageuka aondoke. Nilimwita apande nasi mbele wakati wa kurudi.

"Nitarudi na lori la dagaa, shemeji," akasema, kwa upole ulioniuma kuliko kama angetutukana. Kisha akaondoka na Meshack bila kumuaga Hamidi.

Tulipanda mlima. Karibu na juu, baridi ilipoanza, Hamidi akauliza, "Wale walikuwa wanacheka nini?"

"Meshack alimuuliza leo yuko upande wa nani," nikasema. "Zenon akamjibu kwamba yuko na ndugu yake Hamidi, kwa hiyo Meshack aanze kulia mapema."

Akapunguza mwendo, akasimamisha lori kabisa. Nilidhani machozi yanamlenga. Moyo ukanilainika, nikanyoosha mkono nimshike bega.

"Kifipa," akasema, akinitazama kwa macho yale yale aliyomtazamia Zenon, "wewe umejifunza kwa nani?"